Uzinduzi wa Swali la Leo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hakufika na ndiyo maana nimekalia kiti chake. Waheshimiwa wakuu wa idara mliofika kwa wakati, nanyi mliofika baada ya kusikia kuna soda. Viongozi wetu wa dini zote. Mama mkwe wangu, hapo mstari wa mbele. Wadau wa elimu, wadau wa maendeleo, wadau wengineo, na wananchi mlio juani, ambao ndio hasa wenye shughuli: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Ndugu zangu, mtu asiyejua jana yake ataijuaje leo yake, na asiyejua leo yake, kesho ataamkaje? (Makofi ya mama mkwe.) Ni katika muktadha huo ofisi yangu ilibuni Mradi Jumuishi wa Kidijitali wa Swali la Leo, ambapo kila asubuhi mwananchi popote alipo, awe kinyozi ameshika mashine au muuza mkaa amekaa juu ya gunia, ataulizwa swali moja kuhusu jambo lililotokea tarehe kama ya leo miaka ya nyuma, ajibu, asahihishwe, kisha aendelee na kazi akiwa ameelimika. (Sauti: “Si yale yale ya ubaoni?”)

Nimesikia. Ni kweli kwamba hapo awali kulikuwa na utaratibu usio rasmi, ambapo mama yetu mtunza chumba cha kusomea, huyu hapa mwenye gauni la kijani, aliandika swali kwa chaki kila asubuhi kwenye ubao uliokuwa mlangoni hapa, watu wakapita wakabishana mpaka chai ikapoa, na jioni wanafunzi wakaingia ndani kulitafuta jibu vitabuni. Mwanzo mzuri. Lakini chaki, ndugu zangu? Zama hizi? (Kicheko.) Chaki haina sera. Chaki haina bodi ya wakurugenzi. Nikaagiza ubao ung’olewe na chumba kifungwe wiki mbili kupisha maboresho. (Mama mtunza chumba: “Mwaka wa tatu huu, mheshimiwa. Naomba ufunguo wangu.”) Subira, mama yangu. Subira huvuta heri. (“Hii imevuta vumbi.” Kicheko kirefu.)

Hatukulala. Tumefanya upembuzi yakinifu, tukaupembua na upembuzi wenyewe, tukaenda ziara za mafunzo nchi za watu kujionea wenzetu wanavyouliza, na nawahakikishia kwamba wanauliza. Takwimu zinaonyesha asilimia tisini na sita ya wananchi wameridhika na maswali yetu. Hao wanne waliobaki ndio waliofikiwa na utafiti.

Changamoto hazikukosekana. Kamati ilibaini kwamba matukio mengi ya kihistoria yalitokea bila kibali. Mengine yanahusu watu waliogoma, wengine waliokataa kulipa kodi, wengine walioimba nje ya ofisi za wakubwa. Tukajiuliza, tumwamshe mwananchi kwa habari kama hizo hata hajanawa uso? Tukachuja. Tulipomaliza kuchuja, likabaki swali moja. (Minong’ono.) Moja, lakini la viwango! Nawauliza sasa: tarehe kama ya leo, mwaka jana, ni kiongozi gani aliyekata utepe wa Mradi wa Swali la Leo kwenye mlango huu huu? Msiogope. (“Wewe!”) Sahihi! Na mwaka juzi? (“Wewe!” Mama mkwe anasimama, anapunga leso.) Mnaona? Watu wameelimika, na mitambo hata haijawashwa!

(Mama mtunza chumba: “Mheshimiwa, binti yangu ana mtihani wiki ijayo. Yeye na wenzake wanasomea kwenye taa za kituo cha mafuta, wakifukuzwa wanarudi. Mradi kaa nao. Sisi tupe chumba.”)

Mama, hilo ni suala mtambuka. Wanafunzi wa kituo cha mafuta tunawatambua, tumewaingiza kwenye takwimu kama wanufaika wa mwanga. Swali la Leo! (“Jibu kesho!”) Historia! (“Mbele!”) Elimu juu! (“Juu! Ufunguo uko wapi?”)

Nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru waandishi wa maswali, ambao tutawaajiri. Naishukuru kampuni ya mitambo, ambayo itasajiliwa. Shukrani za pekee zimwendee shemeji yangu, aliyekubali kwa uzalendo mkubwa kuishi ndani ya chumba hiki na mke na watoto, miaka yote hii ambayo mradi ulikuwa haupo, ili jengo la umma lisikae bure. Vitabu amevitunza, vimeinua kitanda kisishike unyevu. Sasa, kabla sijakata utepe...

(Mlango unafunguka. Shemeji anatoka, taulo begani, mswaki mdomoni. “Shemeji, leo tena? Punguzeni spika, mtoto ndiyo kwanza kalala.” Mama mtunza chumba anampita, anaingia. Binti yake anamfuata, na nyuma yake wanafunzi wengine, wakivua viatu mlangoni.)

Mama! Mama, humo ni nyumbani kwa watu! (Ndani, kitanda kinaburutwa. Mama: “Shika huko, mwanangu. Tuanze na vya chini.” Wananchi wanapiga makofi, wote, bila kuambiwa.)

Ndugu wananchi, kama mnavyojionea kwa macho yenu, chumba nimekifungua. Asanteni sana.