Kasoro za Fimbo ya Mama Mkwe

Sabuni aliiona fimbo ile siku aliyompelekea mama mkwe wake pole ya kuvujiwa. Pole haigharimu kitu, ndiyo maana aliipeleka yeye mwenyewe.

Jina la Sabuni alipewa na watu wa mtaani, kwa sababu hakuna aliyewahi kumshika akakaa mkononi. Ukimuuliza kazi yake, alijibu kwa sauti ya redio: "Mtathmini wa vitu vya kale." Maana yake ni kwamba alinunua saa za ukutani kwa wajane kwa bei ya betri, kisha akaziuza kwa watu wenye magari kwa bei ambayo wajane wale wangeisikia, wangewafufua waume zao waje kugombana naye.

Sebuleni kwa mama mkwe kulikuwa na ndoo mbili, sufuria na beseni, kila chombo na tone lake.

"Bati zimeoza zote, mkwe," mama alisema huku akimmiminia chai. "Fundi amekuja, akatazama, akasikitika, akaondoka. Kusikitika hakutoza. Kuezeka ndiko anakotoza."

"Mungu atasaidia, mama."

"Ndiyo, na yeye namsubiri."

Upepo ukageuka, mvua ikaanza kuingia kwa dirisha la juu. Mama akainuka, akachomoa fimbo ndefu nyuma ya kabati, akalisukuma dirisha nayo mpaka likafungika. Sabuni akapaliwa na chai.

Ilikuwa fimbo ya biliadi, mchezo uliouzaa huu wa pool wanaocheza vijana. Marehemu baba mkwe alikuwa mhudumu wa klabu moja ya zamani. Klabu ilipofungwa, wenzake waligombea viti na mafeni, yeye akabaki na fimbo. Tangu afariki, ilikuwa ikifunga dirisha.

"Mama," Sabuni alisema alipopata pumzi, "hicho kijiti bado unakitunza?"

"Kinafunga dirisha."

"Hebu nikione." Akakipokea kwa vidole viwili, kama mtu aliyepewa samaki wa juzi. Akakizungusha kwenye mwanga. Akatikisa kichwa. "Aisee. Pole sana, mama."

"Kwani kimekufa?"

"Ona hapa kwenye mpini. Mti mweusi umeingia kwenye mti mweupe kwa ncha nne. Hazilingani! Moja ndefu, moja fupi. Fundi alikuwa amelewa huyu."

"Loo."

"Na huku mwisho kumekatwa ubavu, pamekuwa bapa. Ilivunjika hii, wakaficha. Na hiki kipande cha mfupa chenye jina la mtu, nani anataka fimbo yenye jina la mtu mwingine? Halafu rangi. Huu weusi wote ni jasho la watu, mama. Jasho la miaka!"

"Na mimi nailaza karibu na vyombo," mama alisema, akiiangalia kwa macho mapya.

Moyoni, ambako hakuna mteja, Sabuni aliitathmini kwa haki kabisa. Ilikuwa na thamani ya kuiezeka nyumba hii yote, bati mpya, na fundi akalipwa kusikitika kwake.

"Lakini ni ya baba," akasema, na hapo sauti ikalegea kwa utaalamu. "Roho inaniuma ikitupwa. Nitaichukua mimi, iwe kumbukumbu. Nakupa hela ya bati moja."

"Bati moja?"

"Mama, kwa hela hiyo dukani unapata mpya, inang'aa, haina kasoro hata moja! Mimi nalipia mapenzi tu." Akamtia pesa mkononi na kukifunga kiganja chake, jambo linaloonekana kama heshima na huzuia kuhesabu.

Mama akazifunga pesa kwenye pindo la kanga. Alikuwa mwanamke aliyelea watoto watano bila kumdanganya hata mmoja, na alidhani watu wote wamelelewa hivyo. "Haya, mkwe. Lakini usiku huu dirisha nitalifungia nini? Njoo Jumamosi. Nitakufutia vumbi."

"Usiifute!" Sabuni alisimama. "Nakuomba, mama. Usiioshe, usiipake kitu, usiiguse kabisa. Nataka jasho la baba lilelile."

"Mapenzi gani hayo," alisema mama, lakini aliguswa.

Kesho yake asubuhi Sabuni alikuwa kwa daktari wa meno. Daktari huyu alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kukusanya fimbo za kale. Alizitundika ukutani kliniki, na wagonjwa walioziona walidhani ni vifaa vya kazi, wengine wakaondoka wenyewe. Alikuwa mtu mkweli na mkavu, aliyezoea kuongea na watu wasioweza kujibu.

Sabuni alimweleza fimbo, ncha moja baada ya nyingine. Daktari akavua miwani.

"Nani anayo?"

"Mama mmoja mwenye msimamo, daktari. Anataka bei ya paa zima la nyumba, na hashuki hata msumari. Mimi sichukui kitu, ni mjumbe tu."

"Kama ncha ni za mkono, nitalipa. Jumamosi?"

"Jumamosi. Lakini utabaki kwenye gari. Hapendi wageni."

Jumamosi mvua ilitulia. Sabuni alimwacha daktari kwenye kona na kuingia kwa mama mkwe akiwa na uso wa msiba. Shikamoo ikatoka, marahaba ikarudi, chai ikakataliwa kwa heshima.

"Basi nisikucheleweshe," mama alisema. Akaingia chumbani, akatoka na kitu kirefu kilichofungwa gazeti, na utepe juu. "Fungua."

Sabuni akafungua. Ndani kulikuwa na fimbo ya pool nyekundu kama pilipili, yenye picha ya tai na karatasi ya bei bado imening'inia.

"Mama, hii ni nini?"

"Fimbo! Mpya." Mama alikuwa anang'aa kuliko hiyo fimbo. "Sikulala, mkwe. Nikasema, nimchukulie mume wa mwanangu hela, nimpe fimbo ya mlevi, imevunjika, inanuka jasho? Watu wataniona mama wa namna gani? Si ulisema kwa hela ileile dukani napata isiyo na kasoro? Nikaenda. Ikabaki chenji, nimeiweka humo ndani ya gazeti."

Jasho, na hili halikuwa la miaka, lilimtoka Sabuni shingoni.

"Mama, asante. Lakini nilitaka ya baba."

"Yenye kasoro?"

"Si nyingi kihivyo."

"Ulizitaja wewe. Mimi nilikuwa sijaziona."

"Ile ya mlevi," Sabuni alisema, "ukiitazama sana, inawezekana alikuwa amechoka tu."

"Na pale ilipovunjika?"

"Huenda haikuvunjika."

"Na jasho?"

"Jasho la baba, mama! Ni kama manukato!"

Mama akaweka mikono kiunoni. Mtu anayelilia mti mbovu ana habari zake, na mama alikuwa ameanza kuzitafuta usoni kwa mkwe wake. Kukataa zawadi ya mama mkwe ni tusi. Kumnyang'anya mama mkwe fimbo ni tusi lenye mashahidi. Sabuni alikuwa amesimama katikati ya matusi mawili, na fimbo yenye tai mkononi, pale mlango ulipogongwa.

"Hodi! Samahani, mama. Nimemwacha mgonjwa na pamba mdomoni, siwezi kungoja zaidi." Alikuwa daktari wa meno. Aliitazama fimbo nyekundu, akamtazama Sabuni kwa huruma ya kitaalamu. "Ndiyo hii?"

"Karibu, mwanangu," mama alisema taratibu. "Hiyo ni ya dukani. Ulikuwa unatafuta ipi?"

"Yenye ncha nne nyeusi."

"Ahaa. Ile mbovu." Akaichomoa nyuma ya kabati na kumpa.

Daktari aliinua miwani, akashusha, akainua tena. Hakuwa na haja ya kusema uongo, na kwa bahati mbaya ya Sabuni, alipenda kueleza.

"Ncha hazilingani. Safi sana! Zimeunganishwa kwa mkono, mashine hukata zote sawa."

"Mkwe," mama alisema bila kugeuka, "si ndipo alipolewa fundi?"

"Na ubavu huu bapa mwisho! Walikuwa wanausukumia mpira uliokwama kwenye ukingo. Fimbo za sasa hazina."

"Ndipo ilipovunjika, mkwe?"

Sabuni alikuwa anasoma karatasi ya bei.

"Jina la fundi lipo, halijaguswa. Na rangi! Rangi hii inakuja kwa mikono ya watu tu, miaka na miaka. Ungeipiga msasa mama, ningelia."

"Mkwe alinikataza nisiifute," mama alisema. "Hapo nampa haki yake."

Daktari akamgeukia kwa adabu. "Kwa hiyo ndiye wewe, mama, unayetaka bei ya paa zima, na hushuki hata msumari?"

Mama alimtazama mkwe wake kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo kwenye dawa. Kisha akavuta kiti akaketi.

"Ndiye mimi," alisema. "Mkwe wangu ndiye msemaji wangu. Bei akishaitaja yeye, mimi ni nani nimpinge?"

Daktari alilipa siku ileile na kurudi mbio kwa mgonjwa wake. Sabuni alijaribu kutoka nyuma yake.

"Umesahau fimbo yako, baba," mama alisema. "Na chenji."

Angeweza kumwambia binti yake. Angeweza kumtangaza mtaani. Lakini mkwe akiaibika, na mtoto wako ameaibika, kwa hiyo mama alifanya jambo baya zaidi: alimsifu. Kwenye foleni ya maji, dukani na kwenye vikao vya akina mama alisema mkwe wake ni mtu wa haki, alimtafutia mteja, akampatia paa, na hakujichukulia hata senti. Na hatozi majirani.

Juma lililofuata, bati mpya zikiwaka juani, uani kulikuwa na watu kumi na kitu. Walikuja na cherehani, pasi za mkaa, redio za mbao, bibi mmoja na kengele ya shule. Sabuni aliketishwa kwenye mkeka, na mama mkwe kwenye kiti, nyuma yake kidogo, pale anaposikia kila neno.

"Cherehani hii, baba," mjane wa kwanza alisema. "Kuna mtu anataka kunipa bei ya sindano."

Sabuni akaigeuza. Akakunja uso, akavuta pumzi. "Pole sana, mama. Gurudumu hili—"

Mama mkwe akakohoa.

"Gurudumu hili," Sabuni alisema, na maneno yakamtoka moja moja kama anayevuliwa nguo barabarani, "ni zima kabisa. Usikubali chini ya bei ya ng'ombe."

"Mungu akubariki!"

"Anayefuata," alisema mama mkwe.