Mbwa Aliyekataa Kuhuzunika

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata mbwa! Si wangu, ni wa kulea kwa muda. Ametoka kwenye Chama cha Uokozi, chenye wanachama mia mbili kwenye simu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na nafasi ya kumlaza. Nikajiona mteule.

Mwenyekiti alikuja na gari saa nne. Ni mama mwenye miwani mikubwa ya jua. Hakuzima injini. Alinipitishia mbwa dirishani kama anayenipa mkate. Fomu ilikuwa na maswali mawili: jina langu, na kama simu yangu inapiga picha nzuri. Nilijibu yote mawili bila kigugumizi. Kwangu hilo ni jambo kubwa. Mbele ya wageni sauti yangu huingia mitini.

Nikauliza chakula chake kiko wapi. Akaniita malaika. Nikauliza kama amechanjwa. Akaniita malaika tena, akaondoka.

Mpango wangu ni huu. Chuo cha afya ya wanyama kinataka barua ya mtu aliyeniona nikihudumia mnyama. Mwisho wa kupokea maombi ni tarehe 14. Mwenyekiti ameahidi kuniandikia, tena yenye muhuri, nikimtumia kila siku picha ya mbwa akiwa na huzuni. Anasema huzuni ndiyo inayowagusa wafadhili. Nisipopata barua hiyo nitabaki hapa nikikata nyuzi za mashati ya shule anayoshona Mama, mpaka nizeeke.

Chama kimempa mbwa jina la Muujiza. Walimwokoa mlangoni mwa kibanda alipokuwa amelala akisubiri kifo. Ananuka gundi. Nimelinukuu hilo pembeni.

Mama amempa mpaka Jumapili. Bibi alimtazama mbwa, akanitazama mimi, akasema, "Mke mwenzangu, aliyekuwa anasubiri kifo mbona kakuzidi minofu?"

Jumanne, 4 Machi

Muujiza hahuzuniki. Nimempiga picha thelathini na mbili. Katika zote anacheka.

Nilimsomea gazeti, ukurasa wa vifo. Akalala chali. Nikamwambia habari za maisha yangu. Akapiga miayo. Mwishowe nikachukua kitambaa cheupe cha kola, nikamfunga mguu wa mbele. Akanitazama kwa mshangao. Mshangao, ukiupiga picha kwa juu, unafanana na huzuni. Nikaituma.

Mwenyekiti alifurahi sana. Akalitangazia kundi zima kwamba mguu umevunjika mahali pawili! Nikamwandikia kando kwamba haujavunjika hata mahali pamoja. Akanijibu kwa kikaragosi cha mikono inayosali. Nadhani maana yake ni kwamba amenielewa.

Jambo la kutia shaka: ndara moja ya Mama haionekani.

Jumatano, 5 Machi

Ndara imepatikana. Ilikuwa langoni, imepangwa mstari mmoja na raba yangu iliyoachama mdomo na kiatu cha Bibi kilichong'oka kisigino. Muujiza alikuwa amekaa pembeni kama mwenye duka. Viatu vizima hakuvigusa kabisa.

Machale yamenicheza. Mbwa huyu amefunzwa na genge la wezi. Bibi akasema wezi hao lazima wawe na akili fupi, maana wanaacha vizima na kubeba vibovu. Nikamweleza kwamba huo ndio ujanja wenyewe. Nani ataripoti kuibiwa ndara iliyokatika? Bibi akaomba maji ya kunywa.

Jingine. Seremala jirani akianza kupiga nyundo, kuku wanatawanyika, Mama anasonya, lakini Muujiza anasinzia kama mtoto anayebembelezwa. Nimehesabu mapigo: saba, kimya, matatu. Wanawasiliana! Seremala huyo nimemshuku tangu alipoanza kunisalimia kwa jina bila mimi kumwambia. Mama anasema ndiye aliyetengeneza kitanda nilichozaliwa nikakilalia. Haidhuru.

Ijumaa, 7 Machi

Hatari. Mzee mmoja anapita mtaani, amevaa aproni ya ngozi. Anainama kwenye kila lango na kupiga mluzi. Muujiza aliposikia alilia, akalikwaruza lango kwa kucha zote. Nikamvuta mpaka chini ya cherehani ya Mama, nikamfunika kwa mashati ya darasa la tano.

Mzee akabisha. Sauti yangu ikaingia mitini. Nikampitishia karatasi chini ya lango, yenye maswali kumi na manne. Wewe ni nani. Nani kakutuma. Unajuana vipi na seremala.

Alijibu kwa chaki, polepole, nikiusikia mkono wake ukikwaruza. Yeye ni fundi viatu wa kona ya pili. Mbwa anaitwa Soli, hulala mlangoni mwa kibanda chake kila mchana, mwaka wa tano huu. Magoti yake mabovu, kwa hiyo Soli ndiye humletea viatu kutoka kwa wateja wa ng'ambo ya barabara. Alhamisi ya wiki iliyopita alienda kununua misumari, aliporudi hakumkuta. Tangu siku hiyo hajafungua kazi. Jana mteja alimwonyesha picha kwenye simu. Na seremala wanadaiana salamu tu.

Swali la kumi na nne lilikuwa: una ushahidi gani? Hakulijibu. Aliandika hivi: "Mguu wake unaendeleaje?"

Nimelisoma hilo mara nyingi. Kisha machale yakanicheza. Mtu mwema kiasi hiki anatafuta nini?

Nikamwuliza Mwenyekiti. Akasema wezi wote huja na stori za magoti. Tena Muujiza ameshaahidiwa mfadhili wa mbali, atachukuliwa Jumapili asubuhi. Barua yangu iko tayari. Itakuwa mkono kwa mkono: mbwa huku, barua huku.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimefanya jaribio la kisayansi. Nilipanga viatu tisa uani, vinane vizima, kimoja kile cha Bibi. Nikamruhusu mzee aingie hatua tatu tu na kukaa chini. Kukaa kulimchukua muda. Kisha nikamfungua Muujiza.

Aliviruka vyote vinane. Akakinyakua cha Bibi, akakiweka kwenye mapaja ya mzee, halafu akajitupa juu yake mzimamzima. Mzee alikuwa analia na huku mkono unapapasa mfukoni kutafuta msumari. Akaufungua mguu, akauminya, akacheka huku machozi yanamtoka. Akasema, "Mzima wewe! Mzee mwenzangu, umenipandisha presha bure!"

Mama alisimamisha cherehani.

Nikatamka, kwa sauti, sentensi nzima, kwamba jaribio halijathibitisha chochote, kwa kuwa inawezekana walilifanyia mazoezi. Bibi akasema, "Mke mwenzangu, fungua lango." Nikasema, barua yangu je? Bibi akasema fungua lango.

Nikaifikiria barua. Nikafikiria mashati, na nyuzi zake. Nikafikiria alichoandika kwenye lile swali la mwisho. Mkono wangu ukafungua komeo.

Walikwenda taratibu, mzee kabeba viatu vyetu vibovu vyote vitatu, mbwa akimsubiri kila hatua. Bado nawashuku wote wawili.

Jumapili, 9 Machi

Mwenyekiti alikuja saa tatu. Hakuzima injini. Nilipomweleza, umalaika wangu uliisha hapohapo. Mimi ni msaliti, ni mwizi wa mbwa, na chama hakitanisahau. Karatasi ya barua alikuwa ameishika. Niliiona vizuri: ina muhuri chini, juu haina neno hata moja. Akamgeukia Bibi, akamuuliza kama mtaa huu una mbwa mwingine wa rangi hiyohiyo. Bibi akamwambia yuko mmoja, anaitwa Polisi.

Kabla gari halijakata kona nilikuwa nimeshaondolewa kwenye kundi.

Nimetafakari kutwa nzima. Ni wazi kuna mtu ndani ya chama amemjaza Mwenyekiti maneno. Namshuku katibu.

Jioni mzee akaja na Soli. Kavirudisha viatu vyetu vibovu, vimekuwa vipya. Kaniletea na barua: "Binti huyu alimlea mbwa wangu kwa siku tano. Amemrudisha ameshiba, ameoga, hana kupe. Anaogopa watu lakini mnyama hamwogopi." Chini ni sahihi na dole la gundi.

Nikamshukuru, kwa sauti. Nikaitia kwenye droo. Haina muhuri, chuo kitaicheka. Na kwa nini aniandikie, wakati nilimfungia nje siku nzima? Kuna kitu anakitaka.

Jumanne, 11 Machi

Barua ya mzee haimo kwenye droo. Bahasha yenye maombi yangu ya chuo nayo haimo. Bibi amerudi kutoka posta kwa kile kiatu chenye kisigino kipya, anaimba. Anasema alikwenda kumjulia hali rafiki yake. Bibi hana rafiki posta. Sasa namshuku hata Bibi.

Lakini silali. Nimeanzisha chama changu mwenyewe. Muhuri nimeuchonga kwenye kifutio, umetoka vizuri, isipokuwa herufi mbili. Wanachama ni watatu: mimi, Mama, ambaye ameshajitoa, na Bibi, ambaye hajaarifiwa.

Mgonjwa wa kwanza nimempata leo. Ni paka. Yuko dirishani kwa daktari wa meno, na kutwa nzima hajitikisi. Tumbo limemvimba. Nilimwita mara sita akafumba macho tu, ishara ya kukata tamaa. Shingoni amefungwa kengele. Kuna mtu anataka kujua kila anakokwenda!

Daktari hutoka saa saba kwenda kula. Kikapu ninacho, na kina mfuniko.