Runinga ya Haji Inayat

Jumatatu, 4 Desemba

Ukungu. Gujrat yote, mji wetu hapa Pakistan, imejifunika gubigubi kama mgonjwa wa homa. Msimu wa harusi umepamba moto, na mimi, Zulqarnain, mpiga video mashuhuri kuliko wote mtaani kwetu (tupo wawili), nimetoka kupiga harusi iliyozungumzwa kuliko zote: ya Nosheen, binti mkubwa wa Haji Inayat, mwenye kiwanda cha feni. Haji ana mabinti wengine watatu. Hawajaolewa hata mmoja. Mungu ni mkarimu.

Nimeketi kuhariri. Kikwazo kidogo tu. Kamera ya kwanza imewatoa watu wote wa njano, kama waliougua ini kwa pamoja. Ya pili imewatoa wa bluu, kama waliokufa jana. Bwana harusi anainua tonge la biriani akiwa mgonjwa, analitia mdomoni akiwa maiti. Kosa ni la ukumbi, na zile taa zao za zambarau.

Shagufta, mke wangu, alileta chai, akatazama, akauliza kwa nini sikuzilinganisha kamera kabla ya kuanza, kama afanyavyo kaka yake. Kaka yake ni Sajjad. Ndiye yule wa pili mtaani. Kabla ya kila harusi husimamisha kadi ya kijivu mbele ya kila kamera, ili zote zikubaliane rangi, mithili ya trafiki anayekagua leseni. Kisha hurekebisha rangi kwa mkono, kipande kwa kipande: kwanza mwanga, halafu weupe, halafu nyuso. Watu wanaoana, wanapata mtoto, mtoto anaota meno, ndipo video inatoka.

Nilimweleza Shagufta kwamba kadi ni ya wasio na kipaji. Akachukua kikombe changu kabla sijamaliza.

Jumanne, 5 Desemba

Nimechagua njia. Kitufe cha rangi kujirekebisha zenyewe! Unabonyeza mara moja, kompyuta inafikiri, wewe unakula karanga. Sajjad na kadi yake wakalime.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Nosheen alitulia kwenye kiti chake, mwekundu, wa kupendeza. Kisha akapita mhudumu na sinia la wali. Kompyuta ilipouona wali mweupe ikashtuka, ikabadili mawazo, na bibi harusi akawa wa rangi ya biringani. Mhudumu aliporudi, akawa karoti. Kila anayepita, anabadilika. Shangazi yake mnene alipoinuka kumbusu, ukumbi wote ukaingia giza la kiama.

Umeme ukakatika. Kwa mara ya kwanza maishani nimeishukuru kampuni ya umeme.

Jumatano, 6 Desemba

Haji Inayat alipita dukani mwenyewe. Alileta halwa ya karoti, imejaa lozi. Mtu mpole, sauti ya chini, kofia ya manyoya. Alikuwa na ombi moja. Ile nguo aliyovaa Nosheen, alisema, ndiyo aliyovaa Sughra, mama yake, siku alipoolewa. Sughra alifariki wakati wa masika. Kwa hiyo mengine nifanye nipendavyo, lakini ile nyekundu iwe ile ile.

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Kusema kweli nilikuwa nawafikiria wale mabinti watatu, na jinsi nitakavyopaka rangi mpya ubao wa duka. Halwa ilikuwa tamu mno. Sikumbakishia Shagufta.

Alhamisi, 7 Desemba

Njia ya pili. Mtandaoni kuna bwana anatoa rangi zilizotengenezwa tayari, kila moja na jina lake. Unaidondosha juu ya video kama mchuzi juu ya wali, basi, umemaliza. Nimechagua iitwayo Machweo ya Dhahabu. Kila kitu kimekuwa kitamu. Nyuso za dhahabu, kuta za dhahabu, ndevu za shehe za dhahabu. Njano na bluu havionekani tena, vimezama humo humo.

Nguo nayo imekuwa ya dhahabu kidogo. Mtu mwenye kijicho angesema ya chungwa. Mimi nasema ya kisasa.

Shagufta alisimama nyuma yangu, akauliza kama ombi la Haji nimelisahau. Nikamwambia nyekundu ni nyekundu tu, mwanamume hawezi kutofautisha. Akasema: "Baba Hamza, mwanamume anayemlilia mkewe anatofautisha." Huwa anasema mambo ya namna hiyo. Ni ukoo wao.

Ijumaa, 8 Desemba

Baada ya sala nilimpelekea Haji flashi yenye video. Sebule kubwa, runinga kubwa kama mlango wa gereji. Tukaketi yeye na mimi tu. Nosheen yuko kwa wakwe zake Lalamusa, na wale wadogo walikuwa jikoni.

Haji alitazama. Ngoma, maua, wali. Bibi harusi akaingia. Haji akasogea mbele, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema taratibu, "Hii si nguo ya Sughra."

Hapo mtu wa kawaida angeanguka. Mimi ubongo wangu hufanya kazi vizuri zaidi unapofukuzwa. Nikamwambia tatizo ni runinga. Runinga za siku hizi, Haji, zinatoka kiwandani zimeshaharibiwa rangi. Akaitazama kwa huzuni, akasema aliinunua kwa ajili ya marehemu, apate kuangalia tamthilia zake. Akaomba nimtengenezee. Akaniachia rimoti, akaenda kutawadha.

Nilibonyeza kila palipobonyezeka. Rangi nikaisukuma kushoto, joto nikalishusha, wekundu nikaupandisha hadi mwisho. Chungwa ikawa nyekundu. Nyekundu ikawa ya ndani, nzito, kama punje ya komamanga. Nyuso zilielekea kidogo kwenye bitiruti, lakini nani anatazama nyuso?

Haji alirudi, akakaa, akaangalia. Machozi yakamtoka bila sauti, yakaingia ndevuni. Akanishika mkono, akaniita mwanangu.

Nimegundua njia ya tatu, ambayo Sajjad hataijua hata akifufuka mara mbili. Usirekebishe video. Rekebisha runinga.

Jumapili, 10 Desemba

Haji alipiga simu. Alikuwa anaangalia kriketi, na uwanja wote ni wa bluu, wachezaji wanakimbia kama wako juu ya bahari. Nikamwambia ni majani mapya ya kizungu. Akaridhika. Mtu mwema anadanganyika kirahisi, ndiyo maana wema ni wachache.

Kisha habari mbaya. Nakala imefika Lalamusa, na mama mkwe wa Nosheen anauliza kwa nini mkwewe amefungwa kwenye maganda ya chungwa. Nikapanda pikipiki, nikaingia ukunguni. Nilifika bila kuhisi vidole, nikajitambulisha kama fundi wa rangi kutoka kwa Haji, nikaomba rimoti. Mara tu nguo ikawa nyekundu. Mama mkwe akafurahi, akanipa mkate wa mahindi na mboga ya haradali. Msomaji wa habari alipotokea, alikuwa kama bitiruti iliyovaa tai. Nikazima upesi.

Nosheen alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Alitazama mkono wangu, akaitazama rimoti. Msichana mtulivu. Huwa nawaogopa wa aina hiyo.

Jumatatu, 11 Desemba

Zimebaki nyumba za mashangazi wawili na jirani mmoja, waliopewa nakala nao. Nyumba mbili nimezimaliza kabla ya chakula cha mchana. Ya tatu waliniambia runinga yao haina tatizo lolote. Niliirekebisha hivyo hivyo walipokwenda kuleta chai.

Ila Norwe sikuifikiria. Huko yuko dada wa marehemu Sughra, naye ametumiwa video. Leo amempigia Haji kwa hasira, anasema ile nguo anaijua, yeye ndiye aliyeshona upindo wake, na haikuwa na rangi ya papai. Haji amenitetea. Amemwambia ni nyekundu, anaiona kwa macho yake mwenyewe kila jioni. Mwanamke akasisitiza. Wakagombana, kisha wote wawili wakalia.

Niliuliza nauli ya kwenda Norwe. Nikaliacha wazo hilo.

Jumanne, 12 Desemba

Usaliti ndani ya nyumba yangu. Haji, ili amnyamazishe shemeji yake wa Norwe, ametaka jicho la pili litazame video. Jicho hilo ni la Sajjad. Aliyempa Sajjad picha zangu zote za mwanzo, zile za njano na bluu, ni Shagufta. Nilimuuliza anamtumikia nani. Akasema anamtumikia marehemu.

Kupitia dirisha langu namwona Sajjad kwake, ng'ambo ya barabara, amejiinamia kwenye kompyuta yake. Nosheen amemletea ile nguo yenyewe imefungwa kwenye shuka. Ameitandika kwenye mwanga wa mchana. Anaitazama nguo, anatazama kioo cha kompyuta, anasogeza rangi kidogo. Anaitazama tena. Kama daktari na mapigo ya moyo. Inachosha hata kumwangalia.

Ijumaa, 15 Desemba

Nitaandika yote, kwa sababu historia inapaswa kunitendea haki.

Tulikutana kwa Haji: Haji, Sajjad, Nosheen aliyekuja kutoka Lalamusa, Shagufta, na mimi. Sajjad alichomeka flashi yake. Nikafunga macho kungoja aibu.

Nilipofumbua, bibi harusi alikuwa wa zambarau. Zambarau iliyoiva! Runinga ile niliilazimisha kuifanya chungwa iwe nyekundu, kwa hiyo nyekundu ya kweli ilipopita humo ikapotea njia. Haji akatikisa kichwa. Kwa upole kabisa akamwambia Sajjad kwamba amejitahidi, lakini kazi ya Zulqarnain ndiyo sahihi.

Sajjad alinigeukia. Hakuelewa. Siku zote zile aliitazama nguo kwa mwanga wa dirisha, na sasa akaona amekosea. Uso ulimsawijika. Ningeweza kusema neno moja. Nikaitazama feni ya dari, ya kiwanda cha Haji, kazi nzuri kwa kweli. Shagufta alinikanyaga mguu. Nikaendelea kuitazama.

Nosheen alifungua shuka. Akaishika ile nguo kando ya kioo cha runinga. Nguo komamanga, kioo biringani. Kisha akachukua rimoti, akaja nayo mpaka nilipokaa.

"Kaka Zulfi," akasema, "kule Lalamusa ulibonyeza wapi?"

Nikasema sikumbuki. Akasema yeye anakumbuka. Akabonyeza, akabonyeza tena, akairudisha runinga kama ilivyotoka dukani.

Sijui niandikeje. Ile nguo ilikuwa mkononi mwake na ilikuwa kwenye kioo, na huwezi kusema ipi ni ipi. Haji aliinuka. Akaigusa nguo, halafu akaweka kiganja kwenye kioo. Wale mabinti wadogo walitoka jikoni wakasimama nyuma yake, na mmoja akasema ni mama.

Baadaye Haji akaomba aione yangu. Ikapita ya chungwa, mbele ya kila mtu, na ndevu za shehe za dhahabu. Hakupaza sauti.

"Mwanangu," akaniambia, "kumbe jioni zote hizi nimemlilia mke wangu mbele ya kitufe."

Hewa ya sebule ile ni nzito. Nikaomba maji.

Njiani Shagufta alitembea hatua kumi mbele yangu. Mimi nilizungumza. Nilimweleza kwamba ukitazama vizuri, lawama ni za wanaotengeneza rimoti.

Jumapili, 17 Desemba

Mambo yamenyooka, kama nilivyojua. Binti wa pili ameposwa, na Haji amempa Sajjad harusi hiyo. Lakini Sajjad hataki kwenda bila mimi! Shagufta anadai alimsihi kaka yake mpaka koo likakauka, na kwamba Haji alikubali kwa sharti nisiguse kamera, kompyuta, wala rimoti yoyote ndani ya wilaya. Mimi nasoma kati ya mistari. Nimekabidhiwa taa. Nitasimama kando ya bibi harusi nikishika taa kubwa siku nzima. Bila mwanga hakuna picha. Kwa hiyo kazi yote inanitegemea mimi, na Sajjad ni msaidizi wangu, ingawa bado hajaambiwa.

Asubuhi nilipokuwa natafakari wadhifa huu nilipata wazo ambalo lilinifanya nisimame ghafla nimwage chai. Kwa nini watu wanahangaika kurekebisha rangi baada ya harusi? Irekebishwe kabla haijafika kwenye kamera. Hakuna vitufe, hakuna machweo, hakuna kugusa runinga ya mtu. Nimekwenda sokoni kimya kimya, nimenunua karatasi ya nailoni ya waridi, inapitisha mwanga vizuri sana. Nitaifunga mbele ya taa dakika ya mwisho, Sajjad akiwa ameshaiweka pembeni ile kadi yake.

Bibi harusi huyu atavaa kijani. Nimeijaribu karatasi kwenye shali ya kijani ya Shagufta, ikatoka rangi ya matope hivi.

Nimenunua na ya njano, niziweke mbili pamoja.