Injini Itakuja Baadaye

Wundanyi, Jumamosi, 5 Oktoba 1957

Mabati yamefika! Yamepanda na lori la kabeji lilipokuwa likirudi tupu kutoka Voi. Yanang'aa hadi yanaumiza macho. Mzee Mwandawiro, baba yake Wakio, alipita akayagonga kwa fimbo na kusema sauti yake ni nzuri. Kisha akarudia neno lake. Nyumba iwe na paa kabla mvua za vuli hazijakaza, ndipo harusi ifungwe Novemba. Hakuna paa, hakuna harusi. Nikasema ndiyo, Mzee, na nilisema kwa moyo wote. Nampenda Wakio kiasi kwamba hata kabeji za watu nikizipima ghalani, namwona yeye juu ya mizani.

Shida ilianza na glasi ya taa. Niliiagiza kwa ajili ya nyumba mpya, ikaja ndani ya sanduku, imefungwa kwa kurasa za jarida la Kiingereza. Nikazikunjua. Ndani yake kuna Mwingereza mmoja, mwembamba kama mimi, amesimama kando ya gari alilojiundia mwenyewe nyuma ya nyumba yake. Gari la mbio! Viti viwili, pua ndefu, limelala chini kama paka anayevizia. Ameeleza kila kitu. Tafuta chasisi ya gari dogo kuukuu. Ivishe bodi ya bati. Kisha injini. "Kuhusu injini, jambo la kwanza, lililo muhimu kuliko yote, ni..." Hapo karatasi imechanika.

Nimetafuta kipande cha pili sandukuni, hadi ndani ya glasi yenyewe. Hakipo. Si kitu. Injini itakuja baadaye.

Jumapili, 6 Oktoba

Kanisani. Sikusikia mahubiri hata neno. Nilikuwa kwenye kona za barabara ya Mwatate, mimi na Wakio, ukungu umetuzunguka, kitambaa chake kinapepea, chini kule mkonge umejipanga mistari hadi mwisho wa macho. Tukafika stesheni ya Voi. Abiria wa treni ya Mombasa wakasimama madirishani wote. Nikawapungia mkono. Mama akanipiga kiwiko, akaniuliza nampungia nani.

Nje nikamkuta Hudson, karani wa mahakama, na baiskeli yake. Ameipaka mafuta mpaka kwenye kengele! Alikuwa amemshikia mwavuli mama yake Wakio, na jua lenyewe halikuwepo, mvua haikuwepo. Ana nyumba ya bati tayari, na haachi kuitaja.

Dukani redio imesema Warusi wamerusha mwezi wa chuma, unazunguka dunia nzima. Hudson akasema ni uongo. Mimi nikauliza ni injini gani waliyoutia. Hakuna aliyejua. Huenda hauna injini kabisa, wameusukuma tu! Nimeliwaza hilo njia nzima.

Nimeamua. Mabati ni mengi. Nyumba haitakosa.

Jumanne, 8 Oktoba

Voi, kwa lori la kabeji. Joto la kuoka. Nimeonana na Maundu, Mkamba mwenye gereji nyuma ya stesheni. Huyu bwana hana kitu kibaya. Kila kitu chake ni cha kwanza. Alinionyesha chasisi ya gari dogo, magurudumu manne, usukani, breki ya upande mmoja. Nikamuuliza ule upande mwingine. Akasema gari la mbio likiwa na breki nyingi litaenda mbio saa ngapi?

Nikaona ni mtu mwenye akili.

Injini anazo tatu. Ya pampu ya maji kutoka shamba la mkonge: haichoki, alisema, ila inapenda kusimama mahali pamoja. Ya pikipiki: nyepesi, ila kuna kipande walichochukua wenyewe. Ya lori: nguvu tele, ila ni kubwa kuliko gari langu. Niliomba ushauri wake. Akasema nichukue zote tatu. Nikasema nataka kwanza kuwaza. Injini ni kama mke, mtu hakurupuki.

Chasisi tumebadilishana. Nimempa mlango wa mvule wa nyumba mpya, uliokuwa bado kwa seremala wa Voi. Mlango ni kitu cha mwisho kabisa katika nyumba. Mtu huingia hata bila mlango, tena kwa urahisi zaidi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimekata mabati. Mungu wangu! Bodi ya Mwingereza ni laini kama yai. Yangu ina migongo, kwa kuwa bati langu ni la migongo. Mwanzoni nilihuzunika. Baadaye nikaona ni afadhali, upepo utapita kwenye mifereji badala ya kunipinga. Mwingereza hakuliwazia hilo.

Pua nimeikosea mara mbili, nikakata upya. Mkia nao. Jioni nikageuka kuchukua bati la nyumba, nikakuta vipande tu. Nilikaa chini kidogo.

Mama alikuja na chakula, kimanga kwenye bakuli. Akaliangalia gari, akaiangalia nyumba, kuta nne zinatazama mbingu. Akauliza mabati yako wapi. Nikamwambia yanapimwa. Akauliza mlango uko wapi. Nikamwambia unanyooshwa. Akaondoka na bakuli lake, nami nilikuwa bado sijashiba.

Lakini lo, ni zuri! Nimeketi ndani hadi giza likaingia. Nimegeuza usukani kushoto, kulia. Ukungu ulipopanda kutoka bondeni na kupita kandoni, ilikuwa kama mimi ndiye ninayekwenda.

Jumatano, 16 Oktoba

Taveta! Maundu alinipa habari kwamba Bomeni kuna injini ya vita vile vya kwanza, iliokotwa upande wa kilima cha Salaita, ya chuma ambacho siku hizi hakitengenezwi. Nikaomba ruhusa kazini, nikasema naumwa jino. Nikapanda treni. Tambarare, vumbi, kisha Kilimanjaro ikatokea dirishani na kofia yake nyeupe, nikasahau hata nilichokuwa nafuata. Niliona gari langu likiizunguka mara moja, polepole, kabla ya chai.

Mwenye injini ni mzee anayeitwa Katuku. Amenipokea vizuri, maji, ndizi. Injini iko uani chini ya turubai. Nikalifunua. Ndani kuna kuku amelalia mayai.

Nikamwambia Mzee Katuku nimeipenda. Akasema ni yangu, ila kuku hasumbuliwi mpaka aangue. Nikamweleza habari za harusi, za paa, za mkwe wangu. Alinisikiliza kwa huruma kabisa. Kisha akasema harusi yangu haimhusu kuku.

Tukakaa tukiitazama. Yule kuku naye alitutazama. Ndiyo injini yenyewe, moyo wangu umeniambia. Ya pampu haina maana, ya pikipiki haina maana. Ile imewahi kupigana vita!

Nimerudi mikono mitupu na jino limeanza kuuma kweli.

Jumatatu, 21 Oktoba

Hudson amesema! Amemwambia Mzee Mwandawiro kwamba amepita kwangu kwa bahati tu (njia yake haipiti kwangu) na hakuona paa. Mzee anakuja Jumamosi kukagua.

Wakio amekuja yeye mwenyewe leo, peke yake, ameshika kikapu cha mboga ili asionekane amekuja kwangu. Nikamwonyesha gari. Nikamfungulia, akaketi. Nikamweleza kona, ukungu, kitambaa, madirisha ya treni. Akaweka mikono juu ya boneti, akafumba macho, akacheka, na nafikiri kwa muda mfupi naye alikuwa kule barabarani pamoja nami. Nikafurahi.

Kisha akafumbua macho, akauliza migongo hii ya bati ameiona wapi.

Akasema ananipenda, ameshawaambia hivyo watu wa kwao wote, na amemkataa Hudson mara mbili bila mimi kujua. Lakini hawezi kulala ndani ya kuta zisizo na kichwa. Babake akitamka hapana Jumamosi, basi ni hapana, yeye hataweza kuirudisha. Machozi yalimlengalenga. Akachukua kikapu, akaenda.

Nimeogopa. Nimeogopa kweli. Nikimkosa Wakio, nitampakia nani?

Jumamosi, 26 Oktoba

Naandika nikiwa nimelowa. Wacha nipange mambo.

Mpango: Mzee akifika nimketishe kwenye gari kwanza, moyo wake ulainike, ndipo nizungumzie paa. Nikaliweka ukingoni mwa barabara, pua ikiangalia chini kwa heshima ya mgeni, nikatia jiwe mbele ya gurudumu.

Mzee amefika amevaa koti na kofia. Hudson nyuma yake kwa baiskeli, uso wa shahidi. Mzee akazunguka gari. Akagonga boneti kwa fimbo, akasema sauti hii anaifahamu. Nikamkaribisha haraka. Akaingia. Akapenda kiti! Nikaingia upande wangu. Ndipo akaliona lile jiwe, naye ni mtu anayechukia uchafu barabarani. Akamwamuru Hudson aliondoe. Hudson, ambaye hajawahi kumkatalia Mzee kitu, akaliondoa.

Tukaondoka.

Sijui niandikeje. Hakuna sauti. Upepo tu, na magurudumu kwenye mchanga. Kona ya kwanza, kona ya pili. Ukungu ukatufunika, ukatufunua, migomba ikapita, mwanamke mwenye kuni akatusalimia na sisi tumeshapita. Upepo ulipita kwenye mifereji ya bati kama nilivyosema! Ilikuwa ile ndoto yenyewe, isipokuwa aliyekaa kando yangu ni Mzee Mwandawiro, na kinachopepea ni ndevu zake. Nilikuwa naogopa na nafurahi. Breki nilikanyaga, ikatupeleka kulia, nikaiacha. Mzee alishika kofia kwa mikono miwili. Baada ya kona nyingi akainama sikioni pangu, akasema injini hii ni tulivu sana, ni ya wapi? Nikamwambia ni ya Bomeni.

Mwatate ni siku ya soko. Tuliingia polepole kama watu wakubwa, tukasimama wenyewe mbele ya maduka. Watu wakatuzingira. Mzee akasimama ndani ya gari, akasalimu kushoto na kulia, akawaambia ni gari la mkwe wake. La mkwe wake! Alisema!

Kisha akaketi, akaniambia basi, turudi.

Nikamweleza. Nilimweleza polepole, kwa sauti ya chini. Alitazama mbele bila kunigeukia. Akaniuliza kama watu hawa wanajua. Nikasema hapana. Akasema wasijue.

Tukangoja hadi soko likapungua, lori la kabeji likatufunga kamba kutuvuta. Katikati ya mlima kamba ikakatika, na mvua ikashuka. Si mvua ya kawaida, ile yenyewe ya vuli. Hudson akatufikia akisukuma baiskeli, amelowa, akataka kuuliza habari za injini. Mzee akamwambia ni ndogo sana, iko chini ya kiti, asiiguse. Kisha akatuamuru tufungue bodi tuipindue, tukaingia chini yake watu watatu, tumechuchumaa, maji yanapiga bati juu yetu.

Tulikaa muda mrefu. Mwishowe Mzee akainua mkono, akapapasa bati juu ya kichwa chake, huku na huku.

Akasema halivuji.

Jumapili, 17 Novemba

Tumeoana jana! Mimi na Wakio, kanisa limejaa, mvua imejaa. Hudson aliimba katika kwaya na aliimba vibaya.

Mzee alisimamia paa yeye mwenyewe. Bodi imepinduliwa juu ya chumba cha kulala, inatosha kabisa, pua inachungulia nje upande wa bonde. Sebuleni ni nyasi, walioezeka ni ndugu zangu, na Mama amewaambia wote kwamba mabati yamepimwa. Mlango ni gunia. Kule Mwatate bado wanamwuliza Mzee habari za gari, naye anawajibu liko nyumbani, limepumzishwa kwa sababu ya tope. Hajawahi kunitajia paa tena. Nafikiri anazikumbuka zile kona.

Wakio amecheka alipoingia chumbani. Kisha amelia kidogo, kisha amecheka tena. Nimemwahidi kwamba mambo ya magari yamekwisha. Nimeapa. Nilikuwa nasema kweli.

Jumatano, 20 Novemba

Asubuhi, mvua. Nimelala chali na Wakio kando yangu. Usukani haukutoka, misumari ilikuwa imeshika, kwa hiyo unaning'inia juu ya kitanda. Wakio ametundika vitunguu hapo. Kwenye tundu la gurudumu panavuja, upande wangu tu. Sina malalamiko. Sijawahi kuwa na raha kama hii.

Dereva wa lori amebisha hodi kwa kugonga ukuta. Ana salamu kutoka kwa Maundu: kuku wa Bomeni ameangua vifaranga wote salama, injini iko huru.

Nikamwambia asante, mimi nimeacha mambo hayo. Nikarudi kulala. Nikatazama juu.

Nikanyoosha mkono, nikageuza usukani kushoto kidogo. Vitunguu vikacheza. Nje ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni na kupita dirishani, nyumba ikaanza kwenda, taratibu, mimi na Wakio ndani yake, tumelala, tunateremka Mwatate.

Nyumba ina bodi. Ina usukani. Ile chasisi iko nyuma ya jiko na magurudumu yake yote manne.

Wakio akafumbua macho, akauliza ninawaza nini. Nikamwambia mvua.

Jumanne jino litaniuma.