Sonata ya Kitaliana kwa Fidla ya Babu

Jumapili, 2 Februari

Bibi Asya kapiga simu kutoka Ibra, huku huku Oman. Ametoa hukumu: fidla ya marehemu babu itakwenda kwa mjukuu atakayeipiga vizuri Ijumaa hii, baada ya chakula cha mchana. Tuko wawili tu. Mimi, na binamu yangu Mazoon wa Sur, ambaye kausomea muziki na anausomesha. Uonevu! Naitaka fidla ile kuliko kitu chochote. Kasoro moja: sijui kupiga vizuri.

Jumatatu, 3 Februari

Nimepata ufumbuzi, kazini, nikijifanya nasoma barua pepe. Sitapiga taarabu. Bibi anazijua nyimbo zote, nikikosea kidogo tu atanikodolea macho. Nitapiga sonata, tungo ya fidla isiyo na maneno, ya Mtaliana mmoja wa miaka mia tatu nyuma, zama wanazoziita Baroko. Ibra nzima nani anaijua? Na nimesoma habari zake. Zama zile, kwenye sehemu za taratibu, mtunzi aliandika noti chache tu, mapambo akamwachia mpigaji ayatie mwenyewe. Kwa hiyo nikikosea, ni pambo! Wale watu walikuwa na akili sana.

Jumanne, 4 Februari

Tatizo. Sonata haipigwi peke yake, lazima awepo mtu wa besi, yaani sauti za chini, wa kumfuata mwenye fidla mwanzo hadi mwisho. Nimemwendea shemeji Humaid, kaka wa mke wangu. Ana ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarabu, na hajui kukataa. Karatasi ya besi imejaa tarakimu chini ya noti: sita, saba, nne. Humaid akauliza za nini. Sikujua. Nikamwambia ndizo zinazoonyesha kila noti ipigwe mara ngapi. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia mimi ndiye niliyesoma historia.

Alhamisi, 6 Februari

Mazoezi kwangu, Izki, kwa fidla ya kuazima. Humaid anapiga noti moja mara saba, mimi nasubiri. Sehemu ya haraka imekuwa ya taratibu. Ya taratibu hatujaimaliza. Mke wangu kahamia kwa mama yake, eti atarudi Mtaliana akishazikwa. Mazoon kaandika kwenye kundi la familia, anamwuliza Bibi babu alikuwa akizikaza vipi nyuzi zake. Kujipendekeza tu! Sikusoma jibu.

Ijumaa, 7 Februari

Ibra. Shikamoo, marahaba, wali, samaki, kahawa na halua. Bibi akanikabidhi fidla. Nyuzi nene zilikwenda vizuri. Nilipofika kwenye zile mbili nyembamba, ikatoka sauti nyingine kabisa, chini ya nilivyotarajia. Humaid naye hakomi, saba, sita, saba. Nikatangaza, huku napiga, kwamba hayo ni mapambo. Bibi akauliza, mapambo yote haya, bibi harusi yuko wapi?

Nikakumbuka jambo jingine nililosoma: baadhi ya watunzi wa zama zile walitaka nyuzi zikazwe kinyume na kawaida, kusudi. Nikamweleza Bibi kuwa ni kusudi. Akasema, ee wallahi, kusudi, lakini kusudi la babu yako. Alizilegeza nyembamba mbili kama wapigaji wenziwe wa taarabu, na mpaka leo yeye Bibi huzirudisha palepale zikihama. Mazoon aliuliza, akaambiwa. Wewe mwanangu, akasema, hukuuliza.

Mazoon akapiga wimbo mmoja wa zamani. Bibi alilia. Humaid alilia. Na mimi, kwa kuwa hakuna atakayesoma hapa, nililia. Fidla imekwenda Sur.

Jumamosi, 8 Februari

Nimefikiri sana na nimegundua kosa lilikuwa wapi. Humaid.

Asubuhi Bibi kaandika kwenye kundi: kuna na akodiani ya babu, nani anajua kuipiga? Nimemjibu kabla Mazoon hajaamka. Mimi, Bibi, tangu utotoni! Sijapata kuishika, lakini nimetazama picha zake kwa makini. Haina uzi hata mmoja. Hakuna cha kuuliza.