Farasi kwa Papa, Nyimbo kwa Mama

Jumatano, 12 Machi 2025

Merdi amemuletea Papa Mukuka mbuzi. Mie nilileta sukari. Sote wawili tunamutaka binti yake Exaucée, na Papa atatoa jibu Jumapili. Lakini nimegundua kitu: kila mchana Papa anaangalia filamu za zamani za koboyi, zile za televizyo. Nimemwambia ninazipenda tangu utoto. Uongo. Farasi ninaogopa hata wa kuchorwa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekaa na Papa. Anasema uzuri wa filamu hizo ni moja: muntu mubaya unamujua anapoingia tu, kwa kofia yake nyeusi. Akaniangalia kichwani. Kofia yangu nyeusi nimeitoa polepole. Akauliza koboyi gani ninamupenda kupita wote. Nikasema yule anayekufa mwishoni. Papa akasema koboyi hafi. Courant ikakatika, televizyo ikazimika. Asante Mungu.

Ijumaa, 14 Machi

Exaucée anasema ninapoteza wakati. Anayeamua pale ni mama yake, Mama Virginie, na Mama anapenda filamu za Kihindi za zamani. Kule hakuna anayesema anapenda bila kuimba kwanza, mtaa mzima usikie. Nimeangalia moja, kujaribu tu. Nimelia mpaka shati imelowa. Hiyo siri yangu.

Mpango: clé USB yenye filamu ya Kihindi. Papa nitamwambia ni koboyi. Mama atasikia nyimbo toka jikoni. Kwetu mukwe hakai na mama mukwe, wanaoneana haya, lakini masikio hayakatazwi.

Jumamosi, 15 Machi

Aibu, aibu. Merdi naye alikuwapo. Wimbo ulianza, Papa akauliza farasi wako wapi. Nikasema wanakuja. Mama Virginie akatoka jikoni na sahani ya bukari, ugali wetu, akiimba, macho kwenye televizyo tu, akakaa. Kando yangu! Bega kwa bega, na mbele yetu kijana na binti wamekumbatiana kwenye mvua. Akageuka, tukaonana. Akajifunika kitenge, akakimbia, bukari ikamwagika. Merdi akacheka mpaka akapaliwa na Fanta aliyopewa na Mama mkono kwa mkono. Papa akazima televizyo. Akasema nirudi kesho na kuku mweupe, nimuombe Mama radhi. Nimekwisha.

Jumapili, 16 Machi

Nimepeleka kuku. Papa akasema kuku wa namna hii anatolewa na mukwe tu. Mbele ya Merdi, Mama haoni haya hata kidogo, basi Merdi ni mugeni. Mie amenikimbia. Mukwe ni mie. Exaucée akapiga vigelegele. Nyuma ya pazia Mama akauliza kama clé iko na nyimbo zingine.

Kumbe nina akili. Kesho anafika baba mkubwa wa Exaucée toka Mitwaba, na bila yeye mahari haipokelewi. Nasikia anapenda filamu za karate. Nimeshamutumia ujumbe kwamba niko na mukanda mweusi.