Ombi la Kurudishiwa Sauti ya Mume Wangu

Mke wa Mwangwi,
Nyumba ya tatu ukishuka ngazi za mawe.

Kwa Mkurugenzi,
Ofisi ya Utalii wa Mlimani.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MFANYAKAZI WENU WA SHUGHULI NAMBA TISA

Pokea salamu zangu, na uzipokee ukiwa umekaa, maana barua ni ndefu. Mimi si mtu wa kulalamika. Majirani wanaweza kukuambia vingine, lakini hao hawajawahi kuniona nikilalamika kwa maandishi.

Mimi ni mke wa mwangwi wenu. Najua ofisi haipendi jambo hilo litajwe, na kwenye karatasi zenu ameandikwa "Msaidizi wa Mazingira". Usiwe na wasiwasi. Bahasha nimeibandika kwa gundi, na katibu muhtasi wako ni binti wa shangazi yangu, atakukabidhi mkononi bila kuisoma zaidi ya mara moja.

Kwa kuwa umeteuliwa juzijuzi, huenda hukuelezwa ilivyoanza. Zamani mlima ulijibu wenyewe. Mtu alisimama ukingoni mwa korongo, akaita, na lile jabali la ng'ambo likamrudishia maneno yake. Wageni walilipenda jambo hilo kuliko maporomoko, kuliko baiskeli za kushuka mteremko, kuliko hata kupanda kileleni, kwa sababu huku hutoki jasho. Ofisi ikaona watu wengi namna hiyo wanahitaji pa kulala, ikawajengea hoteli ya ghorofa nne mbele ya jabali lenyewe, ili wausikie mwangwi kwa karibu. Tangu ukuta wa hoteli ulipokamilika, jabali halijatoa hata mguno. Na vipeperushi vilikuwa vimeshachapwa: "Shughuli Namba Tisa: Ita, na mlima utakujibu."

Ndipo mlipobisha hodi kwetu. Mume wangu alikuwa mpiga mnada sokoni kwa miaka thelathini. Kiti cha miguu mitatu alikiuza kwa watu wawili, na wote wawili wakaondoka wakicheka. Mkampa ovaroli ya kijani na kigoda, mkamweka kwenye kijipango cha jabali, juu ya paa la jiko la hoteli, nyuma ya matawi. Mimi mwenyewe nilifurahi. Nayaandika haya usije ukasema nimeficha kitu.

Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Masharti ya kazi. Ninayo karatasi yenu, imebandikwa ndani ya mlango wa kabati letu. Arudishe maneno mawili matatu ya mwisho, mara mbili, mara ya pili kwa sauti ya chini. Asikohoe, asicheke. Asitoe neno lake mwenyewe hata moja. Na kwamba kila sauti ya mgeni irudishwe ilivyo. Mwezi uliopita mgeni alipiga chafya pale ukingoni, na mume wangu, mtu mzima mwenye wajukuu wawili, akalazimika kupiga chafya mara mbili, mara ya pili kwa sauti ya chini. Moshi wa jiko ndio uliomsaidia.

2. Maneno ya wageni wenyewe. Wanaotaja majina yao na kuondoka wakitabasamu ni wachache. Wengi huja kuwatukana mabosi wao, na mume wangu hurudi nyumbani akiwa ametukana watu hamsini asiowajua. Wapo wanaohubiri. Juma lile la mvua ilikuja kwaya ya watu arobaini, wakaimba kwa sauti nne, naye peke yake akawa kwaya ya watu arobaini. Alirudi ameegemea ukuta wa kila nyumba njiani. Nilimkanda shingo kwa mafuta ya moto kama anayetoka kubeba magunia.

3. Hapa sitakaa sana. Wifi yangu ni Shughuli Namba Kumi na Moja, "Tazama Kikapu Kikisukwa". Ni kikapu kilekile kwa mwaka wa tatu, kwa sababu wageni hupenda kukiona kikikaribia kuisha, hivyo kila jioni anafumua alichosuka mchana. Sina shida na hilo. Wifi yangu anaongea, tena anaongea mno. Nimemtaja tu uone kwamba ukoo huu umeshatoa mchango wake.

4. Ugonjwa uliotokana na kazi. Sasa ameuleta nyumbani. Nikimuuliza kama chumvi imetosha, ananiambia "imetosha", halafu tena polepole, "imetosha", nami nabaki na mwiko mkononi sijui kama nimejibiwa. Nilimpeleka zahanati. Daktari alimuuliza anaumwa wapi, akajibiwa "wapi". Daktari akadhani hasikii, akapaza sauti. Naye, kama masharti yenu yanavyotaka, akapaza. Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi walitoka nje wakidhani kuna ugomvi. Tulirudi na dawa ya kuzibua masikio.

5. Posa ya binti yetu wa mwisho. Wakwe walikuja watu sita, wamevaa wakapendeza, na mjomba wao akaongea kwa madaha mpaka akafika mwisho: "Tumekuja kumwomba binti yenu." Mume wangu akasema, "Binti yenu." Kisha akaweka mkono kifuani, akarudia taratibu, "Binti yenu." Mjomba wa watu akanyanyuka, akamkumbatia huku machozi yanamlengalenga. Jambo nililolipangia vikao vitatu likaisha chai haijachemka. Kijana mwenyewe sina neno naye, ni fundi umeme na ana adabu. Lakini nilikuwa na maswali kumi na manne kuhusu harusi hiyo, nimeyaandika kwenye daftari, na hadi leo sijapata pa kuyaulizia.

6. Hili ndilo lililoninyanyua kitini. Kwa miaka ishirini na tisa, tukimaliza kula, mimi na mume wangu tulikuwa tunakaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni. Alinisimulia soko zima: nani kanunua nini, nani kajifanya hamjui, mbuzi gani kakimbia na bei yake shingoni. Nilijifanya nimechoka kumsikiliza. Siku hizi tunakaa palepale, na kinachosikika ni sufuria ikipoa. Neno lake la mwisho ambalo si la kwangu wala la mgeni alilisema miezi minne iliyopita. Alisema, "Mvua inakuja." Wala haikuja. Ndugu Mkurugenzi, nina hamu na mume wangu, naye amekaa pembeni yangu goti kwa goti.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mambo yafuatayo. Kwanza, mume wangu arudishwe nyumbani pamoja na sauti yake, vyote viwili kwa siku moja. Pili, ikiwa hamwezi kukosa mwangwi, basi hoteli ibomolewe. Mimi si mkorofi, nitaridhika na ghorofa mbili za juu. Tatu, wakati ubomoaji ukiendelea, pale ukingoni pawekwe kibao: "Mlima umepumzika."

Yasipotekelezwa ndani ya siku kumi na nne, nitapanda mimi mwenyewe hadi ukingoni, siku ambayo wageni wamejaa, niite kwa nguvu zangu zote: "Mlima huu ni mume wangu!" Naye, kwa masharti yenu wenyewe, itambidi ajibu: "Ni mume wangu." Tena mara mbili. Hapo ndipo tutaona vipeperushi vitasema nini.

Nisalimie mhasibu, dereva wa gari la wageni, yule mama wa usafi aliyeniazima sindano, na mkeo, ambaye natumaini huwa unamjibu.

Ni mimi, mwenye kuvumilia kwa siku nilizozitaja,

Mke wa Mwangwi.

N.B. Barua hii niliileta mwenyewe Alhamisi, nikakuta ofisi yako imefungwa kwa chakula cha mchana. Hasira zilikuwa zimenipanda, nikaona siku kumi na nne za nini. Nikakata tiketi ya mgeni, nikapanga foleni nyuma ya familia yenye kamera, nimeshikilia bahasha, sentensi yangu tayari mdomoni. Zamu yangu ilipofika, mwongoza watalii akaniambia, "Haya mama, ita chochote." Nikashika vile vyuma vya ukingoni, nikavuta pumzi, na likatoka jingine kabisa. Nikaita, "Baba watoto, nimechoka kula peke yangu!"

Alitakiwa kusema "kula peke yangu", mara mbili. Hakusema. Wageni wakaanza kutazamana, na mwongoza watalii akakohoa akitafuta uongo wa kuwaambia. Kisha ng'ambo ikatoka ile sauti ya sokoni, sauti niliyoolewa nayo: "Hata mimi, mama watoto. Nisamehe."

Wageni walipiga makofi. Mmoja alitaka kujua mlima umejuaje kama nina watoto. Mimi nililia mbele za watu, na sioni haya kukuandikia.

Sasa tatizo ni hili. Nyumbani bado ananirudishia maneno yangu vilevile. Nimejaribu ngazini, nimejaribu uani, nimejaribu hata kusimama mbali nikamwita kutoka kwa jirani. Ni pale tu, korongo likiwa katikati yetu, ndipo anaponijibu. Nimeshakwenda mara tatu tangu siku ile. Tumefika swali la sita la daftari langu, na wageni walio kwenye foleni wameanza kutoa maoni yao kuhusu harusi, mengine ya maana.

Kwa sababu hiyo naomba malalamiko namba moja hadi sita yafutwe, na hoteli iachwe ilivyo. Badala yake niandikieni tiketi ya mgeni ya mwaka mzima. Nimesikia pia kwamba mnataka kumwachisha kazi kwa kosa la kujibu kwa maneno yake mwenyewe. Nakusihi, Ndugu Mkurugenzi, msimtoe kule juu. Bado hatujamaliza kuongea.